Timu iliyopigwa mechi 31 ikabeba ubingwa wa vyuo Marekani: Fresno State 2008 walifanyaje?

#1 Mkaa_Kijiweni
Wakuu salaam.

Nina swali, na wanaojua besiboli wasinicheke. Juzi kazini tulikuwa tunabishana kuhusu vibonde waliochukua makombe. Mimi nikaweka mezani Ugiriki ya Euro 2004, mwingine akaja na Denmark ya 1992, mwingine Leicester. Kuna jamaa alisoma California, yeye alikuwa anatusikiliza tu huku anakula. Alipomaliza akasema, "Nyie vibonde hamvijui. Kasomeni Fresno State 2008."

Nimesoma. Ni chuo cha serikali katikati ya California, mji wa mashamba ya zabibu na lozi. Timu yao ya besiboli, Bulldogs, msimu huo ilishinda mechi 47 na kupigwa 31. Thelathini na moja! Na ndio waliobeba kombe la taifa la vyuo pale Omaha, Nebraska. Hakuna bingwa mwingine wa mashindano hayo aliyewahi kuwa na vipigo vingi kiasi hicho.

Kwenye ligi yetu ukipigwa mechi thelathini unashuka daraja mpaka unakutana na timu za mitaa. Hawa walifanyaje? Bahati? Mfumo? Au kuna kitu sikioni?

Nawasilisha.

#2 pweza_wa_forodhani
Naweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Chuma_cha_Reli
Mkuu, jibu ni jepesi. Mashindano ya mtoano hayana heshima. Ukiamka vizuri wiki mbili unabeba kombe. Kwenye ligi wasingekaa hata kumi bora. Uzi ufungwe.

#4 Gwiji_Takwimu
Chuma_cha_Reli usifunge uzi ambao haujafunguka.

Kwanza tuweke mambo sawa. Besiboli ya vyuo Marekani inaanza Februari na kuisha mwishoni mwa Juni. Fresno walicheza mechi 78 msimu ule. Kupigwa 31 kati ya 78 si sawa na kupigwa 31 kwenye ligi ya mechi 30, ambayo hata haiwezekani. Kwenye mchezo huu timu bora kabisa inapigwa robo ya mechi zake na hakuna anayefukuzwa kazi.

Pili, mfumo. Zinaingia timu 63, zinagawanywa kwenye vituo 16, kila kituo timu nne zilizopangwa kwa ubora kuanzia 1 mpaka 4. Ukipoteza mara mbili unafungasha. Washindi 16 wanakutana wawili wawili, mechi tatu, anayewahi kushinda mbili anakwenda Omaha. Omaha zinabaki nane, makundi mawili, tena ukipoteza mara mbili kwaheri. Wanaobaki wawili wanacheza fainali ya mechi tatu.

Fresno walipangwa namba 4 kwenye kituo cha Long Beach. Yaani wanyonge wa kundi. Na hata kuingia kwenyewe waliingia kwa sababu walishinda mashindano ya kanda yao, WAC. Bila hilo wangetazama kwenye televisheni.

#5 Bibi_Mapema
64, si 63. Vituo 16 mara timu nne. Gwiji wa takwimu gani huyu?

#6 Gwiji_Takwimu
Bibi_Mapema, kidole kimeteleza, shikamoo.

#7 Bibi_Mapema
Marahaba. Endelea na somo.

#8 BondeLaZabibu
Nimeuona uzi huu nikasema leo silali. Mimi naishi Fresno. Mwaka 2008 nilikuwa nasoma chuo cha kati hapa na usiku napanga maboksi ghalani. Besiboli nilikuwa siijui, kwangu ilikuwa watu wamesimama uwanjani wanatafuna mbegu za alizeti.

Ile Juni mji mzima ulivaa nyekundu. Ghalani kulikuwa na redio moja na msimamizi aliyekuwa anakataza redio. Wiki ya fainali alikuwa yeye ndiye anaongeza sauti. Nimejifunza sheria za mchezo ule kwa kumsikiliza mzee mmoja wa Kimeksiko akilalamika.

Mji huu haupewi sifa na mtu. Ukisema California watu wanawaza Los Angeles na San Francisco. Sisi tuko katikati, joto la kufa mtu, kazi ya mashamba. Ndio maana lile kombe mpaka leo likitajwa kinyozi anasimamisha mashine.

Na naomba niongeze kitu ambacho Gwiji hajasema: hawakupita njia nyepesi. Hebu angalieni waliowapiga.

Long Beach: wenyeji Long Beach State, halafu San Diego. San Diego waliwapiga mara moja, wakarudiana, Fresno wakashinda.

Tempe: Arizona State, namba 3 kwa ubora nchi nzima. Mechi ya kwanza Fresno walichapwa 12 kwa 4. Kila mtu akasema imekwisha. Wakashinda 8 kwa 6, kisha 12 kwa 9, kwa watu nyumbani kwao.

Omaha: Rice, namba 6, wakala 17 kwa 5. North Carolina, namba 2, wakakutana nao mara tatu: 5 kwa 3 Fresno, 4 kwa 3 North Carolina, 6 kwa 1 Fresno. Fainali na Georgia, namba 8: wakapoteza 7 kwa 6, wakashinda 19 kwa 10, wakamaliza 6 kwa 1 tarehe 25 Juni.

Hao ni namba 3, 6, 2 na 8. Chuma_cha_Reli, hiyo ndiyo kuamka vizuri?

#9 Chuma_cha_Reli
Ndiyo. Wameamka vizuri mara nyingi mfululizo. Bado ni kuamka.

#10 Msee_wa_Kayole
Niaje wasee wa Bongo. 19 kwa 10 ni besiboli ama ni mpira wa kikapu wa watoto?

#11 Gwiji_Takwimu
Msee_wa_Kayole, swali lako la utani ndilo lenye jibu la uzi huu kwa maoni yangu.

Mwaka 2008 vyuo vilikuwa vinatumia magongo ya alumini ya zamani, yale yanayorusha mpira kama manati. Kuanzia msimu wa 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilileta kipimo kipya kinachobana nguvu ya gongo, na homurani, yaani kuupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, zikapungua sana. Lakini 2008 ukiongoza kwa mikimbio mitano (mikimbio ndiyo magoli ya besiboli) hujalala salama. Kwenye ile mechi ya pili ya fainali Georgia waliongoza 5 kwa 0. Fresno wakapiga 19.

Gongo lile lilikuwa linampa mnyonge nafasi ya kurudi mchezoni. Kwa magongo ya leo sidhani kama Fresno wangerudi toka 5 kwa 0.

#12 dada_Kurasini
Gwiji samahani, hao Georgia walikuwa wanatumia magongo ya mti wa mwembe? Kama gongo lilimsaidia Fresno lilimsaidia na Georgia.

#13 Gwiji_Takwimu
Lilimsaidia, ila linaongeza vurugu. Vurugu ni rafiki wa aliye dhaifu. Aliye bora anataka mechi tulivu.

#14 dada_Kurasini
Nimekusikia, sijakubali.

Nimejumlisha mechi zao saba za Omaha kutoka kwenye orodha ya BondeLaZabibu. Fresno wamefunga 17+5+3+6+6+19+6, ni 62. Wamefungwa 5+3+4+1+7+10+1, ni 31. Mara mbili kamili. Timu ya bahati inashinda kwa upungufu mdogo mdogo, moja kwa sifuri, tatu kwa mbili. Angalia hapa: mechi tatu walizoshinda zina tofauti ya mikimbio mitano au zaidi kwenda mbele, ukiacha ile 17 kwa 5. Na mbili walizopoteza, wamepoteza kwa mkimbio mmoja mmoja. Kwa hesabu hizo wenye bahati walikuwa wapinzani.

#15 pweza_wa_forodhani
Duh. Dada kamaliza.

#16 Chuma_cha_Reli
31 alizofungwa na 31 alizopigwa msimu mzima. Hapo kuna mganga, tutafute upande huo.

#17 Kocha_Mstaafu
Habari za jioni. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi, na kwa miaka kadhaa nilisaidia vijana wa besiboli pale Azania, Upanga, ambako Wajapani wamesaidia kuweka kiwanja. Naomba niseme kama mwalimu.

Mnazungumzia wapigaji sana. Mchezo huu unaamuliwa na mrushaji. Mrushaji mmoja mzuri anaweza kufunga mdomo timu nzima, lakini mkono wake una kikomo. Akirusha mechi nzima anahitaji siku kadhaa kupumzika. Msimu wa kawaida vyuo vinacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ukiwa na warushaji watatu wazuri unaonekana simba. Kwenye mashindano mnacheza mfululizo, na hapo ndipo anapoonekana mwenye watu wengi.

Fresno mrushaji wao nyota alikuwa Tanner Scheppers. Akaumia bega, hatua zote za mwisho hakurusha. Wengi wakasema basi. Mimi naona kinyume. Kule kumkosa kulimlazimisha kocha Mike Batesole kuwatumia wote aliokuwa nao, na kila mmoja alijua kuwa hakuna kaka mkubwa wa kuja kuwaokoa.

Halafu yupo Justin Wilson, mkono wa kushoto. Mechi ya mwisho alirusha baada ya siku tatu tu za kupumzika. Iningi (zamu) nane, ameruhusu mkimbio mmoja, amerusha mipira 129. Kama mwalimu siungi mkono kumrushisha kijana mipira 129 akiwa amechoka. Lakini alifanya, na baadaye akacheza ligi kuu kwa miaka mingi, kwa hiyo mkono ulibaki salama.

#18 mtaalamu_wa_bega
Kocha_Mstaafu, "mkono ulibaki salama" ni lugha ya makocha wote duniani. Mimi ni tabibu wa viungo. Kwa kila Wilson mmoja kuna wengine ambao hatuwasikii tena. Nimetibu vijana wa mpira wa mikono na mkuki wenye mabega ya wazee kwa sababu mwalimu alitaka kombe la mkoa.

#19 Kocha_Mstaafu
Tabibu nimesema siungi mkono. Soma tena mstari.

#20 mtaalamu_wa_bega
Nimeusoma. Pia nimesoma "lakini".

#21 Msee_wa_Kayole
Hahaha, hiyo "lakini" imemaliza buda.

#22 BondeLaZabibu
Mkishaongea majeraha mmenikumbusha. Ile timu ilikuwa kama wodi.

Steve Detwiler, winga wa kulia, alikuwa amechanika mshipa wa kidole gumba. Anashika gongo kwa maumivu. Mechi ya mwisho mikimbio yote sita ya Fresno ilitokana na yeye. Yote. Mara nne kupiga, mara nne amefanikiwa, homurani mbili. Na mpira wa mwisho wa mchezo, ule uliomaliza msimu, ulipaa kwake kulia akaudaka yeye mwenyewe.

Halafu Tommy Mendonca, beki wa kambi ya tatu. Vidole vilikuwa vimeteguka. Ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa Omaha, homurani nne, akafikia rekodi ya mashindano. Na mtu huyohuyo msimu ule alikuwa anakosa mipira vibaya sana, karibu mara mia alitolewa kwa straiki tatu. Ama anakosa kabisa ama anaupeleka mtaa wa pili.

Jamani kombe hilo mnaliita bahati?

#23 Chuma_cha_Reli
BondeLaZabibu, umenipa ushahidi mwenyewe. Mtu anayekosa mara mia msimu mzima, halafu wiki ya fainali anapiga homurani nne. Hiyo ndiyo tafsiri ya bahati, mkuu. Angepiga wiki nyingine yoyote tusingemjua.

#24 Mama_Junior_Houston
Asanteni kwa uzi mzuri. Mimi niko Houston na Junior wangu anacheza besiboli sekondari. Nilitaka apende soka kama baba yake, akagoma. Swali langu liko pembeni kidogo: ni kweli wanapewa masomo bure? Maana kuna kocha mmoja hapa alituahidi "full" kwa mdomo, tukaacha nafasi nyingine, barua ilipokuja ilikuwa hata nusu ya ada haifiki. Baba Junior mpaka leo anasema angeenda kucheza soka.

#25 Gwiji_Takwimu
Pole Mama Junior. Ulichopata kilikuwa kawaida. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa ufadhili sawa na wanafunzi 11.7 kwa timu nzima ya besiboli. Kumi na moja nukta saba, kwa kikosi cha watu thelathini na kitu. Kwa hiyo makocha walikuwa wanakatakata, huyu robo, yule theluthi. Kuanzia msimu wa 2025/26 utaratibu umebadilika kwa vyuo vilivyojiunga na mpango mpya: badala ya kikomo cha ufadhili kuna kikomo cha kikosi, watu 34, na chuo chenye fedha kinaweza kuwafadhili wote. Neno ni "kinaweza". Omba maandishi kabla ya kukataa nafasi nyingine.

Na hili linarudi kwenye mada. Mwaka 2008 chuo tajiri kisingeweza kununua wachezaji kuzidi 11.7. Ukuta huo ulikuwa unawasogeza pamoja tajiri na maskini. Fresno walikuwa na haki ya kuwa wazuri kuliko namba yao ilivyosema.

#26 Mama_Junior_Houston
Ubarikiwe. Nitamwonyesha baba Junior, ila ile sehemu ya soka nitairuka.

#27 Kipanga_wa_Chuo
Wakuu, kuna jambo mmelipita. 2008 ndio mwaka wa kwanza NCAA kuweka tarehe moja ya kuanza msimu kwa wote, tarehe 22 Februari. Kabla ya hapo vyuo vya kusini kwenye joto vilikuwa vinaanza mapema, vya kaskazini vinasubiri theluji iyeyuke. Tarehe moja maana yake ratiba ilibanwa, mechi nyingi katikati ya wiki.

Sasa unganisha na alichosema Kocha_Mstaafu. Ratiba ikibanwa, warushaji watatu hawatoshi. Unalazimika kuwapa mechi vijana wa akiba. Unapigwa. Fresno walianza na ushindi 8 na vipigo 12. Kila mtu anaona aibu, lakini huko ndiko walikojenga benchi. Vile vipigo 31 ni ada ya shule waliyolipa mapema.

#28 dada_Kurasini
Ratiba ilibanwa kwa vyuo vyote, Kipanga. Kwa nini Fresno ndio wafaidike peke yao? Ni palepale pa magongo.

#29 Kipanga_wa_Chuo
Kwa sababu wengine waliposhinda waliwaficha vijana wao. Anayeshinda habadilishi kikosi.

#30 dada_Kurasini
Hiyo umeibuni sasa hivi.

#31 Kipanga_wa_Chuo
Nimeifikiria sasa hivi. Tofauti.

#32 Ndugu_Uvira
Jambo ndugu zangu. Miye niko Omaha, tulifika na familia kutokea kambini. Kila mwezi wa sita mji unajaa watu wa nguo za rangi rangi, hoteli hakuna, parking kwenye yadi za watu ni pesa. Mke wangu anauza maji baridi na mandazi, wazungu wanayaita donati, tunawaachia tu.

Ninaona mnasema uwanja wa Omaha. Uwanja walicheza Fresno haupo tena. Ule uliitwa Rosenblatt, ulikuwa pembeni ya bustani ya wanyama. Mashindano yalihama baada ya 2010, sasa yanachezwa katikati ya mji kwenye uwanja mpya. Bustani ya wanyama ilichukua ile ardhi, lakini waliacha kiwanja kidogo cha watoto pale kwa ukumbusho. Watoto wangu wanapenda kukimbia pale kisha tunaenda kuangalia sokwe.

#33 Bibi_Mapema
Ndugu Uvira karibu sana. Mandazi na besiboli, hapo nami nakuja.

#34 Msee_wa_Kayole
Swali kwa wajuzi. Kuna kibonde mwingine namba 4 ameshinda baada ya Fresno? Mimi nilisikia Coastal Carolina.

#35 Gwiji_Takwimu
Coastal Carolina 2016 hawakuwa namba 4. Walikuwa timu nzuri, ushindi 55 na vipigo 18, ila chuo kidogo na ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa kufika Omaha. Waliwapiga Arizona 4 kwa 3 mechi ya tatu ya fainali. Kichekesho ni kwamba ilikuwa tarehe 30 Juni, na kesho yake, 1 Julai, walihama kanda. Kanda yao ya zamani, Big South, ilifurahia ubingwa usiku mmoja.

Namba 4 waliofika Omaha baada ya Fresno ni Stony Brook 2012, Oral Roberts 2023 na Murray State 2025. Hakuna aliyebeba. Fresno peke yao.

#36 Chuma_cha_Reli
Asante kwa kunifanyia kazi. Mfumo huu wa timu 64 ulianza 1999. Kila mwaka kuna namba 4 kumi na sita. Toa 2020 ya korona. Mpaka 2025 hao ni zaidi ya 400 walioingia, bingwa mmoja. Mmoja! Kama magongo, au ratiba, au umoja wa wodi ndio siri, mbona hao wengine 400 hawakuupata? Ukirusha shilingi vya kutosha siku moja itasimama kwa ukingo. Wewe unakuja kuniuliza ile shilingi ilikuwa na nidhamu gani.

#37 Kocha_Mstaafu
Chuma, hoja yako ina akili, nakupa hiyo. Lakini inaeleza kwa nini ilitokea kwa mtu fulani. Haielezi kwa nini ilikuwa hawa.

#38 Chuma_cha_Reli
Ndio nasema hakuna "kwa nini hawa", mwalimu.

#39 BondeLaZabibu
Mimi nina yangu, na sijali kama haina takwimu. Kwenye mtoano ule walishinda mechi sita ambazo wangepoteza wangerudi nyumbani. San Diego ya mwisho, Arizona State mbili, North Carolina moja, Georgia mbili. Sita za kufa na kupona, hawakupoteza hata moja. Wale wakubwa walikuwa wanacheza huku wanaogopa kupoteza. Fresno walishapoteza mara 31, wangeogopa nini?

#40 mtaalamu_wa_bega
BondeLaZabibu, takwimu unayo: North Carolina walikuwa wamepoteza fainali 2006 na 2007, zote kwa Oregon State. Wamefika 2008 na mzigo huo kichwani. Na walikuwa na kina Dustin Ackley na Matt Harvey, si watoto. Woga ni jambo la mwili pia, misuli inakaza.

#41 Kipanga_wa_Chuo
Sawa, ila Georgia hawakuwa na mzigo wowote na walikufa 19 kwa 10.

#42 dada_Kurasini
Na Georgia walishinda mechi ya kwanza, kwa hiyo kama ni kuogopa walianza kuogopa siku ya pili.

#43 Mkaa_Kijiweni
Wakuu, nimerudi. Sasa nimechanganyikiwa kuliko nilipokuja. Nina magongo, benchi la warushaji, tarehe 22 Februari, ufadhili wa 11.7, shilingi ya Chuma na woga wa tabibu. Kazini nitasema ipi? Ninachotaka ni kumnyamazisha yule jamaa wa California kabla hajasema hili ndilo kombe la kwanza la taifa katika historia ya chuo chao, maana anapenda sana hiyo.

#44 Bibi_Mapema
Mnyamazishe kwa hilohilo. Si la kwanza. Wasichana wa Fresno State walichukua ubingwa wa taifa wa softiboli 1998, miaka kumi kabla ya wavulana. Wavulana ndio wakaitwa maajabu.

#45 dada_Kurasini
Bibi Mapema nakupenda bure.

#46 BondeLaZabibu
Ni kweli kabisa. La 2008 ni la kwanza kwa upande wa wanaume kwenye daraja la kwanza. Hapa mjini watu wenyewe wanasahau.

#47 pweza_wa_forodhani
Nimetoka kimya. Mnasemaje kuhusu Afrika Mashariki? Kuna siku tutapeleka mtu Omaha?

#48 Kocha_Mstaafu
Waganda wako mbele yetu. Vijana wa Lugazi walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda, ya Kampala, ilikuwa imefuzu lakini ikanyimwa viza. Na sasa kuna Waganda waliosaini na klabu za ligi kuu. Sisi vijana tunao, wanarusha vizuri sana, tatizo ni mipira na glavu. Glavu moja wanapokezana.

#49 Mama_Junior_Houston
Kocha, Junior ana glavu zimebana, zipo ndani tu. Nikituma kwa mtu anayesafiri zitawafikia vijana?

#50 Kocha_Mstaafu
Zitafika mama. Nakutumia ujumbe pembeni.

#51 Msee_wa_Kayole
Swali la mwisho kabla sijalala. Aaron Judge wa Yankees si alisoma Fresno State? Alikuwa kwenye kile kikosi?

#52 Chuma_cha_Reli
Alikuwepo. Ndio siri yenyewe, mmezunguka bure kurasa zote hizi.

#53 Gwiji_Takwimu
Hakuwepo. Judge amezaliwa 1992. Juni 2008 alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa sekondari kule Linden. Fresno State alicheza baadaye, Yankees wakamchukua 2013. Na Fresno ya Judge, pamoja na urefu wake wote, haikufika Omaha.

#54 Chuma_cha_Reli
Kwa hiyo wakiwa na Judge hawakufika, wasipokuwa naye wakabeba. Shilingi yangu bado imesimama kwa ukingo.

#55 Kipanga_wa_Chuo
Nyota mmoja hajengi benchi. Nimesema tangu #27.

#56 dada_Kurasini
Kipanga lala.